Klabu yangu ya wasichana imenyamaza ghafla, naombeni ushauri

Madam_Chamwino:
Habari za jioni wadau. Nafundisha sekondari ya kata huku Chamwino. Tangu Februari nina klabu ya mabinti 24 wa kidato cha pili. Tunakaa Alhamisi baada ya vipindi, chini ya mbuyu nyuma ya maabara. Tunajifunza kuitambua hasira na hofu, kukataa bila kutukana, kuombana radhi. Ilinoga kweli.

Mwezi uliopita mmoja akasimulia kwamba nyumbani wameanza kuzungumza mahari yake. Alikuwa anachora mchangani kwa kijiti, hakuinua uso. Kufika Jumatatu wavulana wanamwita "bi harusi". Sasa haji tena, na waliobaki wananijibu "ndiyo madam" huku wanatazama ndala zao. Niliwaahidi kuwa yanayosemwa pale hayatoki. Inaniuma sana. Nianzie wapi?

Matroni_Mstaafu:
Pole mwanangu. Klabu itasubiri, anza na mtoto. Mahari ikishatajwa, hilo si la kuishia chini ya mbuyu. Mwalimu wa unasihi ajue, mkuu wa shule ajue, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, na wazazi wengi wakielezwa hivyo mapema hurudi nyuma. Ukikwama piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Lakini mwambie yeye kwanza kila hatua, asije akashtukia wageni mlangoni kwao.

Na ile ahadi usiirudie. Huwezi kufunga midomo 24. Waambie: "Mimi sitatangaza lako, ila ukiwa hatarini nitamtafuta wa kukusaidia."

Ticha_Kongwa:
Naongezea kwa Mama hapo juu. Mimi siwaombi wasimulie ya kwao. Tuna msichana wa kubuni, tunamwita Tabu. Tabu katumwa maji korongoni alfajiri, kachelewa kuhesabiwa namba asubuhi shuleni, kaadhibiwa mbele ya wote. Anajisikiaje? Rafiki yake amwambie nini? Wanaongea mpaka kengele inalia, na ukisikiliza vizuri utajua nani anamsemea Tabu na nani anajisemea. Huyo unamwita baadaye, peke yake.

Mgogo_Asilia:
Mbukwenyi. Madam, na muda uuangalie. Kiangazi hiki binti akichelewa kutoka shule anakuta foleni ya kisima imeshakuwa ndefu, na nyumbani anasemwa. Omba kipindi cha michezo.

Madam_Chamwino:
Asanteni mno. Mgogo, hilo la maji sikuliwaza hata kidogo, na mimi nimekaa hapa miaka minne.

Mrejesho: leo mapumziko nimemfuata yule binti, nimemwomba radhi kwa ahadi ambayo sikuweza kuilinda. Alikaa kimya muda mrefu, anakunjakunja pindo la sketi. Kesho saa mbili tunaingia pamoja kwa mwalimu wa unasihi, amekubali. Alipoinuka akaniuliza, "Madam, Alhamisi naweza kukaa karibu na wewe?"