Ndege na wadudu wa ufukweni majira ya kuchipua: niende saa ngapi, nitazame wapi?

Mpita_Ufukweni:
Wakuu, habari za humu. Njia ni kilomita 4 kando ya bahari: mchanga, tope, na nyuma yake matuta yenye maua. Nataka ndege na wadudu kwa safari moja. Alfajiri ndege wako mbali kama punje za pilipili kwenye tope, na mdudu hakuna hata mmoja. Adhuhuri vipepeo wapo, ndege wameyeyuka. Halafu vile vindege vya kijivu naviona vyote sawa. Darubini ni ya 10x25 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele milimita 25). Nipangieni.

Bamvu:
Mkuu, anza na jedwali la maji kujaa na kupwa, saa ya kufika utaipanga baadaye. Maji yakipwa, ndege wa topeni (vitwitwi, chamchanga, na sululu wa mdomo mrefu uliopinda) wanatawanyika tope zima. Yakijaa yanawasukuma kuja kwako. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, jua likiwa mgongoni, kaa chini utulie. Ukisimama umbo lako linaonekana juu ya upeo, wanaruka.

Kumbuka maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Leo yamejaa saa 3 asubuhi, wiki ijayo saa hiyo hiyo utakuta yamekupwa. Ndiyo maana mtu anasema "pale hakuna ndege siku hizi". Siku za bamvu, mwezi mpevu au mwandamo, tope hufunikwa lote na ndege husogea karibu sana. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, huwaachia tope, wanabaki kule kule.

Kwa mpango wako, chagua siku ya maji kujaa mnamo saa 3 asubuhi. Ndege kuanzia saa 1 hadi saa 3, kisha panda matutani jua likishapasha mchanga. Wakishakusanyika kupumzika usiwasogelee. Wanajaza mafuta ya safari ya kwenda kuzaliana, na kila ukiwarusha wanayachoma bure.

Mdomo_Mrefu:
Rangi iache kwanza, hasa majira haya: wengi wako katikati ya kubadili manyoya, nusu kijivu nusu rangi ya kuzaliana, na picha ya kitabuni hailingani na yeyote. Tazama mwendo. Kitwitwi ana jicho kubwa na mdomo mfupi. Anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa, kwa sababu anawinda kwa macho. Chamchanga anachoma tope mfululizo kama cherehani, maana ncha ya mdomo wake inahisi kilichomo ndani.

Kuna chamchanga mdogo mweupe anayekimbizana na wimbi kwenda na kurudi. Kagua nyayo zake mchangani: vidole 3, cha nyuma hana.

Ukiona kitwitwi mkubwa wa kijivu, ngoja aruke. Kwapa jeusi, kama doa la wino chini ya bawa, limemaliza ubishi. Na sululu: mwenye michirizi myeusi utosini na mdomo unaopinda karibu na ncha ni sululu mdogo, si yule mkubwa.

Darubini: gawanya 25 kwa 10, unapata milimita 2.5 za mwanga unaofika jichoni. Alfajiri hazitoshi, na 10x inatikisika kwenye upepo. 8x32 inakupa 4. Hakikisha inaona vizuri hata kitu kilicho karibu, mita 2 tu, la sivyo kwa wadudu haikufai.

Kerengende:
Wadudu wanataka joto na kinga ya upepo. Usipite juu ya tuta, pita upande uliokingwa. Kerengende na vipepeo huota jua kwanza, misuli ya mabawa ikipata moto ndipo waruke, kwa hiyo saa 3 hadi saa 4 unawapata wametulia. Sogea polepole, kivuli chako kisiwaguse.

Usiruke mstari wa mwani uliotupwa na maji. Chini yake mna funza wa nzi, ndiyo maana ndege hawauachi. Kile kinachorukaruka ukiinua mwani si mdudu: hesabu miguu, jozi 7, ni ndugu wa kamba.

Kwenye maua, "nyuki" wengi ni nzi. Mabawa 2 badala ya 4, macho yamejaa kichwa, vipapasio vifupi mno. Mchanga mkavu una mbawakawa mwenye miguu mirefu na taya kama mkasi. Hukimbia, husimama, hukimbia, kwa sababu kasi yake inayazidi macho yake. Lazima asimame aone tena windo liko wapi.

Mpita_Ufukweni:
Asanteni sana. Ndege akikokota bawa mbele ya mtu, ameumia?

Bamvu:
Mara nyingi hapana, anakuvuta utoke kwenye mayai. Yana madoa kama kokoto na yako wazi mchangani, juu kidogo ya mstari wa maji. Usiyatafute. Geuka urudi kwa nyayo zako zilezile, na mbwa awe kwenye kamba.