Risiva ipi inafaa kwa spika tano za zamani?

Habari zenu, wakuu. Nimenunua runinga mpya ya 4K, lakini risiva yangu (mashine ya kukuza sauti na kuipeleka kwenye spika) haina tundu la HDMI, la waya unaobeba picha na sauti, ilhali spika zangu tano za omu 6 (kipimo cha ukinzani wa spika) bado zinalia vizuri. Fundi mmoja hapa Ngamiani, Tanga, ananishauri nichukue risiva ya mtumba kutoka Japani kwa sababu imeandikwa wati nyingi. Je, nimsikilize? Sebule ni mita 4 kwa 5.

Jibu la kwanza
Mkuu, kabla ya wati, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230, hivyo ukiichomeka bila transfoma ya kushusha umeme utaiunguza. Wati nazo zisikutie tamaa, kwani mara nyingi hupimwa chaneli (njia za spika) moja au mbili tu zikifanya kazi, na spika zote tano zikilia pamoja kila moja hupata pungufu. Hakikisha pia kwamba inakubali omu 6.

Jibu la pili
Tafuta yenye eARC, iliyokuja na toleo la HDMI 2.1, maana ARC ya kawaida (njia ya kurudisha sauti kutoka runinga hadi risiva kwa waya wa HDMI) haibebi sauti ya chaneli nyingi isiyobanwa. Runinga nayo lazima iwe nayo.

Jibu la tatu
Mimi naishi Raskazone, karibu na bahari. Ncha za waya zangu ziliota kutu ya kijani, sauti ikawa inakatika, hadi nilipozikata na kuzimenya upya. Kagua zako kwanza.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimerudi kusoma kibandiko: ni volti 100 kweli. Nimeiacha.