Naomba ushauri: kushuka na mbwa kutoka Newala hadi bonde la Ruvuma mwisho wa Oktoba

Kipanga wa Newala (mleta uzi): Ndugu wanajukwaa, salaam. Wiki ijayo nitashuka na mbwa kutoka ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Shimo la Mungu, hadi bondeni kuelekea mto Ruvuma, kisha tutapanda kurudi siku hiyohiyo. Njia ni ya mchanga na mawe, na kwa kuwa kiangazi kiko mwishoni, miti mingi imepukutisha majani na kivuli cha kutegemea hakuna. Swali langu ni moja: nibebe maji lita ngapi kwa ajili ya mbwa? Naomba tusitoke nje ya swali hilo, maana safari imekwisha kupangwa na usingizi siupati kwa kufikiria maji.

Mkorosho Mzee: Marehemu baba alikuwa mwindaji na alifuga mbwa wanne wa kienyeji, nao hawakubebewa maji hata siku moja. Jua likikolea walikwenda wenyewe kulala chini ya mkorosho, wakifukua udongo wa juu ili matumbo yaguse ule wa ubaridi, na hata baba apige mluzi namna gani hawakuinuka mpaka alasiri. Mbwa anajua saa zake za kazi kuliko sisi, ndugu yangu. Hilo la lita sina jibu lake.

Bi Mkubwa Mikindani: Mwanangu, bibi zetu wa Newala waliteremka mteremko huohuo kufuata maji, kwa sababu uwanda wa juu ni mchanga unaokunywa mvua yote na haubakizi mto wala kijito. Walishuka gizani wakapanda na mitungi kichwani kabla jua halijawa kali, na maji yale hakuna aliyethubutu kuyachezea. Leo tunajadili ndoo ya mbwa! Simkatazi mtu rehema, lakini anza kwa kuwafikiria watoto utakaowapita njiani wakiwa na madumu.

Ustaadh Lindi Mjini: Bi Mkubwa, kwa heshima zote, rehema hizo hazigombani. Tumefundishwa katika hadithi ya Mtume habari za mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mleta uzi achukue maji ya kutosha na asione haya.

Daktari wa Ng'ombe: Nimefanya kazi ya mifugo kusini huku kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusiwe kulirudisha swali kwa aliyeliuliza. Maji ni nusu tu ya jambo. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi. Jasho lake ni dogo mno na hutoka kwenye nyayo, na kinachompoza hasa ni kuhema, yaani hewa inayopita juu ya ulimi na njia za pua zenye unyevu. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Sentigredi, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika hata kama tumbo limejaa maji. Ndiyo maana nataka kujua: ni mbwa wa aina gani, ana umri gani, na amechanjwa kichaa cha mbwa?

Kipanga wa Newala: Nashukuru, daktari. Ni mbwa wa kawaida, ana afya, na chanjo anayo. Nimekusudia kubeba lita tatu. Je, zinatosha?

Daktari wa Ng'ombe: Sijauliza kama ana afya. Nimeuliza aina na umri.

Kipanga wa Newala: Umri ni kama miaka saba. Aina yake ni hawa wenye uso bapa na pua fupi, ambao hukoroma wakilala. Lakini anatembea vizuri tu jioni, na tutaanza mapema, saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo sioni tatizo liko wapi.

Daktari wa Ng'ombe: Tatizo liko hapohapo puani. Mbwa wa pua fupi ana njia nyembamba ya hewa na ukaakaa laini unaoziba koo, na huko kukoroma ndiyo dalili yake. Kile kifaa pekee cha kupoza mwili kimeharibika tangu kuzaliwa, na anapohema kwa nguvu misuli yenyewe huzalisha joto jingine juu ya lile la jua. Hata lita kumi hazitamsaidia. Tena ufikirie mpangilio wa njia yako: asubuhi mnashuka, nguvu zipo, kila mtu anafurahi, lakini kazi ngumu, yaani kupanda, inaangukia saa sita hadi saa tisa, wakati mawe yamekwisha kuiva.

Mpima Ardhi: Naongezea jambo moja ambalo watu wa huku tunaliona kila mwaka bila kulitafakari. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, na jua linaposhuka kuelekea kusini hupita juu ya mstari huo wiki ya nne ya Oktoba. Maana yake ni kwamba wiki unayoitaja, adhuhuri jua litakuwa utosini kabisa na kivuli chako kitakuwa chini ya miguu yako. Hata jabali lililosimama wima halitakupa mahali pa kujibanza.

Mtoro wa Masasi: Huko Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako ni jangwa hasa, manispaa imekataza mbwa kwenye njia za milimani tangu 2016, joto linapofika nyuzi 100 za Fahrenheit, ambazo ni kama 38 za Sentigredi. Wenzetu wamekata shauri kwa sheria. Sisi tunapigia hesabu madumu.

Kipanga wa Newala: Hapa si jangwani, ndugu. Na bondeni kuna mto, akizidiwa ataogelea.

Mkorosho Mzee: Ruvuma ile ninayoijua mimi, yenye mamba? Mbwa wako atapoa kabisa, wala hatahitaji safari ya kurudi.

Mdadisi Nachingwea: Wakuu, samahani, mimi nanusa chai hapa. Nimefungua nyuzi za zamani za mleta uzi, na katika mmoja alilalamika kwamba mama yake mzazi hajawahi kuruhusu mbwa nyumbani kwao na yeye mwenyewe anawaogopa. Leo ana mbwa wa miaka saba mwenye uso bapa, aina ambayo hapa Newala ukimpitisha sokoni wanunuzi wa korosho wataacha mizani wamtazame. Ama hadithi hii imetungwa ili tuandike, ama kuna neno amelimeza.

Bi Mkubwa Mikindani: Hata mimi niliona. Mwenye mbwa hutaja jina la mbwa wake kabla hujamaliza salamu.

Kipanga wa Newala: Sijatunga chochote. Nimeandika kwamba nitashuka na mbwa, sikuandika kwamba ni wangu. Ni wa mgeni anayetoka Dar es Salaam, niliyekubaliana naye kumwongoza njia, na amesema bila mbwa wake haji. Amenitumia malipo ya utangulizi, nami nimelipia ada ya mdogo wangu. Sasa mnataka nimwambie nini? Kwamba jukwaani wamesema pua ya mbwa wake ni fupi? Mgeni ni mtu mzima, anamjua mnyama wake.

Mdadisi Nachingwea: Basi naondoa neno chai, lakini swali la lita lilikuwa la kutuzungusha. Ulichotaka ni idadi ya kumwonyesha mgeni ili likitokea jambo useme ulijiandaa.

Daktari wa Ng'ombe: Tuache kumsulubu, ada imelipwa na mtoto yuko darasani. Mweleze mgeni hivi: utampeleka na mbwa hadi ukingoni Shimo la Mungu saa kumi na moja na nusu alfajiri, walitazame bonde likipambazuka, na kabla ya saa mbili mbwa arudi kivulini. Kushuka mtashuka ninyi wawili. Hata matembezi hayo mafupi, weka kwanza mgongo wa kiganja juu ya mchanga. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Akianza kuhema bila kituo, mate yakawa mazito, fizi zikawa nyekundu kupita kawaida au akayumba, msimamishe, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha ndipo mtafute gari. Msimfunike kanga yenye maji na kuiacha juu yake, maana inazuia joto lisitoke, wala msimmiminie maji mdomoni kama amelegea.

Kipanga wa Newala: Na akikataa kumwacha? Anaweza kumbeba mgongoni kwenye mkoba. Nimeona watu wakifanya hivyo.

Daktari wa Ng'ombe: Mkoba uliobana mgongoni mwa mtu anayetoka jasho ni tanuri. Akikataa, mpe njia nyingine au mrudishie fedha zake kidogo kidogo.

Mkorosho Mzee: Mimi ninakaa karibu na njia hiyo. Kuna mkorosho mkubwa uani, ndoo ya maji, na mjukuu wangu asiyeogopa mbwa. Nitamtunza mpaka mtakapopanda, na sitaki malipo kwa mgeni. Wewe utaniletea sukari kilo mbili.

Kipanga wa Newala: Mzee wangu, nimekutumia ujumbe wa faragha. Naomba picha ya huo mkorosho, nimwonyeshe mgeni leo kabla hajakata tiketi ya basi.