Neno "si": kukana kwetu na kukubali kwa wengine vina asili moja?

Mdadisi:
Wanajukwaa, salaam. Najifunza Kihispania, na neno moja fupi linanitatiza kila mara. Sisi tukisema "mimi si mwalimu", tumekana. Mhispania akiulizwa kama ni mwalimu akajibu "sí", amekubali, na Waitaliano vilevile. Je, maneno haya yana shina moja lililogeuka maana njiani, au yamegongana kwa sauti tu? Na Wafaransa, ambao "si" yao huwa na maana ya "kama", wanaingia wapi?

Mchimbamaneno:
Ndugu Mdadisi, yamegongana tu. Kilatini hakikuwa na neno moja maalumu la "ndiyo". Aliyekubali aghalabu alikirudia kitenzi cha swali, au alisema "sic", yaani "ndivyo". Kutokana na "sic" hiyo zikazaliwa "sí" ya Kihispania, "sì" ya Kiitaliano na "sim" ya Kireno. Dante, mshairi wa Italia, katika risala yake *De vulgari eloquentia* ya mwanzoni mwa karne ya 14, alizipambanua lugha za jamaa hiyo kwa neno la kukubali tu: wasemao "oc", wasemao "oïl" (ndiyo "oui" ya leo) na wasemao "sì". Jimbo la zamani la Languedoc, kusini mwa Ufaransa, limebaki na jina lililotokana na "oc" hiyo.

Kifaransa ndicho chenye utamu zaidi, kwa sababu kilirithi maneno mawili ya Kilatini yakafanana kabisa. La kwanza ni "si" ya sharti, ambayo hata Wahispania wanayo na huitofautisha na "sí" kwa alama ya mkazo peke yake. La pili ni mtoto wa "sic", na kazi yake mojawapo ni kuvunja kauli ya ukanushi: ukimwambia Mfaransa "hukuja jana", naye alikuja, hatajibu "oui" bali "si", kama asemaye "nilikuja, bwana!"

Bintisarufi:
Naomba niongeze la kwetu, maana tunalidharau kwa ufupi wake. "Si" hukana nomino na sifa ("kutoa ni moyo, si utajiri"), hubeba nafsi ya kwanza pamoja na ukanushi katika "sijui", hujificha katikati ya kitenzi katika "asiyesoma" na "nisiende", na katika "nasi" ni kipande cha "sisi" kisichokana chochote. Lakini angalia "Si ulisema utakuja?" Anayeuliza hivyo hakani, anakukumbusha ahadi na anangoja ukubali. Kwa maoni yangu hapo ndipo neno letu linapoikaribia ile "si" ya Kifaransa, bila undugu wowote.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari ili tupotoshwe. Katika Kizulu, lugha ya Kibantu kama yetu, "si-" mwanzoni mwa kitenzi ni "sisi": "siyabonga" ni "tunashukuru", na "siyazi" ni "tunajua", ambayo Mswahili asiye mwangalifu angeisikia kama "sijui".

Mpigakinanda:
Msiisahau noti ya saba ya muziki. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia na mwalimu wa muziki, katika karne ya 11, alitwaa silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo wa Kilatini wa kumsifu Mtakatifu Yohana, akapata ut, re, mi, fa, sol, la. "Si" iliongezwa baadaye sana, kwa herufi za mwanzo za "Sancte Iohannes".

Mdadisi:
Nashukuruni nyote. Vipi Kichina? Nasikia "si" huko ni nne na pia ni kufa.

Mchimbamaneno:
Ni kweli, ila toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndiyo huamua: "sì" ya toni ya nne ni nne, na "sǐ" ya toni ya tatu ni kufa. Ukaribu huo umefanya baadhi ya majengo yaruke ghorofa ya nne katika kuhesabu. Hata hivyo, irabu yake si "i" yetu. Herufi za Kilatini ndizo zinazotudanganya, kwani Mchina anapoitamka hukaza ulimi karibu na meno, na sauti hutoka kama mvumo wa "s" inayoendelea.