Tupeane uzoefu: wafumaji wa Kigoma na Tabora, kiangazi mnabeba kazi gani safarini na yamewahi kuwakuta yapi?

Sindano_Mwanga
Wakuu habari zenu. Leo nilikuwa napanga kabati nikakuta soksi moja ya mtoto, ya njano. Ya pili haipo. Nikakaa kitandani nayo mkononi mpaka chai ikapoa, maana nakumbuka ya pili iliishia wapi.

Tuko wanne hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kila Jumamosi baada ya saa tisa tunakaa barazani kwangu, kila mtu na uzi wake. Masika hatuonani sana, kuna tope na kila mtu yuko shamba. Mvua zikikata mwezi wa 5 ndiyo tunaanza kutoka: leo Ujiji, wiki ijayo Kibirizi kula migebuka, mwezi wa 7 Kasulu kwa shangazi yake mmoja wetu, kazi zetu kwenye vikapu. Pale Ujiji tunapenda kukaa kwenye maembe ya makumbusho, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kivuli kizuri, upepo wa ziwa unafika, na hakuna anayekuuliza unafuma nini.

Mwaka juzi tukasema twende Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Tukapanda boti Kibirizi, tukafika salama, tukaambiwa msile ufukweni na msiache mifuko. Mimi nikasema moyoni mfuko wangu hauna chakula, una uzi tu. Nikauweka juu ya jiwe nikaenda kunawa uso. Nyani dume akaja anatembea taratibu kama mwenye nyumba. Akatoa donge la njano, akalinusa, akaling'ata, akaona si tunda. Basi si aliache? Akaondoka nalo, uzi unafumuka nyuma yake, na soksi yangu ikiwa bado kwenye sindano zake nne inaburuzwa kwenye kokoto. Alipopanda mti sikuona tena kitu.

Karibuni, kila mtu aseme yake.

MamaPacha_Ujiji
Nyani wa Gombe nawajua. Waliokaa kule kufanya utafiti walizungushia vibaraza vyao wavu, watu ndani, nyani nje. Pole sana dada.

Fundi_wa_Kaliua
Mimi ni mwanaume na nafuma, naanza na hilo ili asiniulize mtu.

Nina mashine ya sweta za shule hapa Tabora, lakini nikisafiri nabeba sindano mbili za mkono. Kuna mwaka nilikuwa kwenye treni kwenda Kigoma, mwezi wa 7. Tukapita Urambo, tukapita Kaliua, mbele kidogo treni ikasimama porini usiku. Hakuna aliyetuambia kuna nini. Baridi ile ya pori mnaijua wenyewe, madirisha mengine hayafungi. Mbele yangu mama ana mtoto wa kama mwaka mmoja, anakohoa, kichwa kiko wazi.

Nilikuwa na mabaki ya uzi wa sweta za shule, kahawia na bluu. Nikaanzisha mishono 72, jirani akanimulikia kwa tochi ya simu. Simu yake ikazima akachukua ya mwenzake. Watu wa behewa zima wakawa wanauliza "imefika wapi?" Alfajiri treni ilipoanza kutembea kofia ilikuwa imebaki kufungwa juu tu. Yule mama alishuka Uvinza, na sikutaka hela yake. Treni bado imesimama nikamwona anarudi anakimbia kutoka kwa wauzaji, akanipitishia dirishani chumvi, kama kilo mbili, imefungwa kwenye kanga kuukuu. Kanga hiyo ninayo mpaka leo.

Mzee_wa_Isevya
Kisa kizuri lakini kijana, kufuma ni kazi ya mama zetu. Mwanaume akae na sindano ndani ya treni, hapana.

Katonga_Dagaa
Mzee shikamoo. Nyavu za dagaa nani anazifuma? Njoo Katonga au Kibirizi saa tano asubuhi uone wanaume wamekaa chini, wavu umeshikwa kwa kidole gumba cha mguu, wanafuma na kuziba matundu. Hakuna anayewaambia ni kazi ya mama zao.

Mzee_wa_Isevya
Marahaba. Wavu ni wavu, sweta ni sweta.

Fundi_wa_Kaliua
Mzee wangu, sweta alizovaa shuleni mwanao wa mwisho huenda nilifuma mimi. Sina ugomvi.

Manyovu_Baridi
Mnasema kiangazi kiangazi. Juni na Julai ni kipupwe! Huku kwetu milimani asubuhi huwezi kushika jembe bila kupasha vidole motoni. Kiangazi ni Agosti na Septemba.

MamaPacha_Ujiji
Sisi huku chini mvua ikishakata tunaita kiangazi, basi. Usituharibie mada.

Katonga_Dagaa
Niseme yangu. Mimi nimejifunza kroshia ukubwani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, hakuna kuvua, sisi tunaoanika dagaa tukabaki tumekaa. Miezi mitatu. Chanja tupu, mchanga mtupu, watoto wanataka kula. Jirani yangu alikuwa anafuma vitambaa vya makochi, akaniambia kaa hapa nikufundishe. Kroshia ya kwanza alinitengenezea kwa spoki ya baiskeli, akainoa kichwa kwenye jiwe na kukipinda. Siku nne nilifuma mnyororo tu, naufumua, nauanza tena.

Seti ya kwanza ya makochi, vitambaa sita na kimoja cha mezani, niliuza mwezi wa 7. Nikanunua unga na daftari za shule. Ziwa lilipofunguliwa nilirudi kwenye dagaa lakini kroshia sijaiacha. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, ndiyo siku zangu za kufuma.

Tatizo langu ni moja na naomba msaada: vitambaa vinashika harufu ya dagaa. Mteja wa Mwanga alinirudishia seti nzima.

Sindano_Mwanga
Loweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha, suuza, anika juani.

Fundi_wa_Kaliua
Ndimu inaweza kuchujisha rangi. Tia siki kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, na usianike juani, anika kivulini penye upepo.

Manyovu_Baridi
Lete huku Manyovu uanike. Huku hakuna dagaa, wiki moja tu harufu imekwisha na wewe umepumzika.

MamaPacha_Ujiji
Dada usifue mara mbilimbili utachosha uzi. Funga kazi yako kwenye mfuko wa nailoni wakati wa kuanika dagaa, na nawa mikono kwa sabuni na majivu kabla ya kushika kroshia. Kinga hapo hapo.

Shangazi_Ziwani
Nimeusoma uzi huu tangu asubuhi, mikono inatetemeka. Kuna jambo sijawahi kuliandika popote, na aliyetaja boti za Kibirizi ndiye amenitonesha.

Ilikuwa Agosti. Binti yangu ameolewa kijiji kimoja kaskazini mwa Gombe, alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, wa kwanza. Nilikuwa namfumia mjukuu shali nyeupe ya kroshia, ile unayoanzia katikati na kuzunguka. Nilikuwa nimefika duara la 23. Uzi nilikuwa naubeba kwenye ndoo ya rangi ya lita 4 iliyooshwa vizuri, mfuniko nimeutoboa katikati kwa msumari wa moto, uzi unatokea pale. Vumbi haliingii na donge haliviringiki chini ya miguu ya watu.

Boti ilichelewa kutoka, saa tisa ilishapita. Watu, magunia ya unga, kreti za soda, mbuzi wawili. Nimekaa ubavuni nafuma, nahesabu kimoyomoyo. Tukiwa mbali na Kibirizi upepo ukageuka. Wanaolijua ziwa wanajua, kwanza maji kule mbali yanakuwa meusi, halafu unaona mstari mweupe unakuja. Wimbi la kwanza lilitulowesha magoti. La pili likaingia lote ndani.

Nahodha akapunguza injini, akaielekeza boti kwenye wimbi, akapaza sauti "toeni maji!" Kulikuwa na kopo moja la kuchotea, dumu la mafuta lililokatwa, na mtu mmoja analitumia. Maji yalishafika vifundoni, magunia ya chini yamelowa na unga unatoka mweupe kwenye maji. Mbuzi wanalia. Mama mmoja anasoma dua kwa sauti, wengine wanaimba pambio, wote kwa pamoja.

Kijana aliyekaa mbele yangu akaitazama ndoo. Hakusema neno. Nikafungua mfuniko, nikatoa madonge yote matatu nikayaweka mapajani, nikampa.

Wimbi lililofuata liliyachukua madonge. Mawili yakaenda. La tatu lilikuwa bado limeungana na shali, na kroshia ilishachomoka. Mimi nimeshika shali, ziwa limeshika donge, uzi unavutwa, na kazi yangu inafumuka mbele ya macho yangu, mshono baada ya mshono. Naisikia vidoleni, tr tr tr. Duara la 23 likaisha. La 22 likaisha. Nikaukata uzi kwa meno likiwa limebaki la 20. Nikaikunja shali nikaifunga tumboni chini ya kanga, nikakaza fundo, nikaanza na mimi kutoa maji kwa mfuniko uliotoboka. Najua mfuniko wenye tundu hautoi maji mengi. Ndicho nilichokuwa nacho.

Yule kijana alichota na ndoo yangu bila kupumzika mpaka tulipojibanza kwenye kighuba, na tulifika kijijini usiku sana. Wote tulishuka wazima, na mbuzi wote wawili.

Binti yangu alijifungua siku ya tisa. Kwa siku zote hizo nilikuwa nimekaa na shali nusu, kijijini uzi mweupe hakuna. Mkwe wangu akaniona. Akaingia ndani akatoka na sweta yake ya mtumba, ya kijani, sweta anayovaa usiku akienda ziwani. Akaniambia, "Mama, fumua hii." Nikamwambia baba, utavaa nini usiku? Akasema, "Nitavaa koti. Fumua." Tukakaa wawili mlangoni, yeye anakunja uzi kwenye kiwiko chake, mimi nafumua.

MamaPacha_Ujiji
Nimelia.

Katonga_Dagaa
Mungu mkubwa shangazi. Mungu mkubwa.

Mwana_Kibirizi
Pole mama yangu. Lakini tuseme ukweli, kiangazi usipande boti alasiri. Alfajiri ziwa limelala.

Shabani_Injini
Si kweli. Kuna alfajiri za Julai upepo unapiga kuliko jioni. Mimi nimeendesha. Angalia siku, siyo saa.

Mwana_Kibirizi
Umeendesha wapi? Tunalala ufukweni sisi.

Manyovu_Baridi
Maboya je? Shangazi kwa nini hukuvaa boya? Watu wanafuma ndani ya boti badala ya kuvaa boya!

Shangazi_Ziwani
Maboya yalikuwa manne, mwanangu. Walivaa watoto.

Manyovu_Baridi
Nisamehe mama. Nimeandika haraka.

Shabani_Injini
Boti yenye maboya manne haikutakiwa kutoka. Msikubali kupanda. Teremkeni wote, nahodha atayatafuta tu.

Mzee_wa_Isevya
Huyo mkwe amelelewa.

Bibi_Liemba
Hamjambo wanangu. Mimi enzi hizo Liemba inatembea nilianza sweta ya marehemu mume wangu bandarini Kigoma, nikaifunga shingo kabla ya Kasanga. Meli ya Wajerumani, ilijengwa 1913, ikazamishwa vitani, ikaopolewa, na bado ilikuwa imetulia kuliko boti zenu. Kila ikisimama katikati ya maji mitumbwi inakuja kupakia mananasi na dagaa, makelele, nami nafuma. Shangazi wa ndoo, nakushika mkono.

Shangazi_Ziwani
Shikamoo bibi. Asante sana.

Fundi_wa_Kaliua
Kwa wanaobeba kazi kubwa safarini: nunueni madonge yote siku moja, na tazameni namba ya rangi kwenye karatasi ya donge. Nyeupe mbili za namba tofauti ukiziunganisha mstari unaonekana. Na acha angalau donge moja nyumbani.

Sindano_Mwanga
Hilo la kuacha donge nyumbani ningelijua kabla ya nyani. Shangazi, naomba kuuliza. Ulipoingiza kijani ulipunguza mishono? Uzi wa sweta ya mtumba huwa mwembamba.

Shangazi_Ziwani
Niliukunja mara mbili, mwanangu. Kwanza nililowesha uzi, nikaufunga kwenye kiti cha mbao, nikatundika jiwe kwa chini ili mikunjo inyooke, ukakauka siku nzima. Sikupunguza mshono. Duara la 21 mpaka la 34 ni kijani.

MamaPacha_Ujiji
Na rangi haijachuja?

Shangazi_Ziwani
Haijachuja. Mtoto sasa ana meno mawili, anaitafuna shali. Kila nikienda naikuta imelowa pembeni, upande wa kijani.