Ushauri: perege wa mama mwenye kisukari nimkaangie na nini badala ya unga wa ngano?

Binti Chang'ombe

Mbukwenyi wakuu.

Niko hapa Dodoma mjini, naishi na mama. Huu mwezi wa tatu tangu aambiwe ana kisukari aina ya 2. Anatumia metformini, dawa ya kisukari, na kliniki wamemwelekeza apunguze wanga. Ugali kaupunguza mwenyewe bila kusukumwa, na sukari kwenye chai kaacha. Kilichobaki kinamuuma ni perege wa Mtera. Tangu niko mdogo, Jumamosi mama ananunua perege, anakata mapande, anayagaragaza kwenye unga wa ngano wenye chumvi na pilipili manga, anakaanga mpaka ukiuma unasikia mlio. Sasa hivi nikimkaangia bila unga anakula nusu, nusu anarudisha.

Nimejaribu mara mbili. Kwanza unga wa mtama, kwa sababu kila mtu anasema ndio unga wa wenye kisukari. Kipimo baada ya kula hakikunifurahisha. Jumamosi iliyopita nikajaribu karanga: nikazikaanga, nikazisaga kwenye blenda, zikatoka kama siagi, nikalazimisha kupaka hivyo hivyo. Pande lilipogusa mafuta tu gamba la karanga likaachia, likawa linaelea na kuungua huku samaki yuko mtupu chini. Jiko likajaa moshi. Mama akaja akasimama mlangoni, akasema, "Acha tu mwanangu, nitakula hivyo hivyo." Ile "hivyo hivyo" imekaa kifuani mpaka leo.

Naombeni msaada kwa vitu vinavyopatikana soko la Majengo au Sabasaba. Unga wa lozi siuwezi.

Mzee wa Kibaigwa

Pole binti, na mpe pole mama. Hapo kwenye mtama umefuata wengi, na sisi Wagogo tunaupenda mno kuusema vibaya. Ila ukweli usemwe: unga wa ngano gramu 100 una wanga kama gramu 76, na mtama na uwele zimo humo humo, sabini na kitu. Mtama usiokobolewa una nyuzinyuzi zaidi, na hiyo ni faida, lakini wanga uko pale pale. Unga wa muhogo ndio usiuguse, unapita 80.

Karanga ulikuwa umepatia. Gramu 100 zina wanga kama 16, na nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Ufuta una kama 23, nao karibu nusu ni nyuzinyuzi. Kosa lako ni la upishi, kwa hiyo nawaachia akina mama.

Mama Bagia Nzuguni

Mwanangu, nakaanga kila siku tangu 2009, nisikilize taratibu.

Karanga ulizikosea mahali pawili. Ulizikaanga kabla, kwa hiyo ziliingia kwenye mafuta zikiwa zimeshaiva, lazima ziungue samaki akiwa bado mbichi. Na blenda ukiiacha inazunguka, karanga inatoa mafuta inakuwa siagi. Chukua karanga mbichi zilizokauka vizuri, tia kwenye kinu kidogo kidogo, twanga kwa kugusagusa, usiponde. Chekecha. Zinazobaki juu rudisha kinuni. Unataka chenga kama za mchele uliovunjika, siyo vumbi. Changanya vikombe viwili vya karanga na kimoja cha ufuta mbichi. Ufuta ndio utakupa ule mlio mama anaoutafuta. Karanga peke yake inakuwa laini mdomoni.

Sasa samaki. Mtie chumvi na ndimu, muache dakika kumi atoe maji, halafu mfute. Namaanisha mfute kwa kitambaa kikavu, pande moja moja, mpaka ukimshika vidole havilowi. Gamba linaachia kwa sababu ya maji: yakipata moto yanageuka mvuke, mvuke unasukuma gamba nje. Ukishamfuta, mpukutishie unga wa dengu, ule tunaopikia bagia, kijiko kimoja cha chai kwa mapande manne, mpaka aonekane kama kapakwa poda. Dengu nayo ina wanga, kama 58 kwenye gramu 100, ila kijiko cha chai ni kidogo sana na yai linapata pa kushika. Halafu mchovye kwenye yai lililopigwa, umlaze kwenye chenga, ukandamize kwa kiganja pande zote. Ukandamize kweli.

Halafu muache. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Muweke kwenye friji nusu saa, au kwenye ungo mahali penye upepo dakika ishirini, gamba lishike kwanza.

Mafuta yasiwe mengi, yafike nusu ya unene wa pande. Moto wa kati. Chovya ncha ya mwiko mkavu: viputo vidogo vikipanda taratibu, weka samaki, vikichemka kwa fujo, punguza moto usubiri. Akishaingia usimguse dakika tatu. Geuza mara moja tu.

Kijana wa Singida

Huku kwetu alizeti ndiyo nyumbani. Dada anaweza kutumia mashudu ya alizeti? Tunayapata bure mashineni.

Mama Bagia Nzuguni

Hapana mwanangu. Mashudu yana maganda na yameandaliwa kwa ajili ya mifugo. Kiini cha alizeti kilichomenywa kinafaa sana, kina ladha nzuri kuliko hata karanga, ila kumenya kwa mkono ni kazi ya siku nzima. Mbegu za maboga ni rahisi zaidi, zitwangwe hivyo hivyo kama karanga.

Shangazi Mpwapwa

Nyongeza ya nazi. Ukishakamua tui usitupe machicha. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, yasugue mkononi, changanya na ufuta. Kwa kuku yanatoka matamu mno. Yanaungua upesi kuliko karanga, kwa hiyo kuku umchemshe kwanza, kwenye mafuta aingie kupata rangi tu.

Nesi wa Zamu

Naomba niseme mawili, na nayasema kwa sababu nimeyaona.

La kwanza ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo zinashambuliwa na kuvu hao hao. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Nunua karanga nzima, usinunue zilizokwisha sagwa, zimwage kwenye ungo na uchambue moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au inayoacha uchungu ulimini, tupa. Usimpe kuku pia.

La pili, metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini kama mama anatumia pia glibenklamaidi (dawa nyingine ya kushusha sukari) au insulini, mkipunguza wanga kwa ghafla sukari inaweza kushuka hadi akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Mwambie daktari wake mnachobadilisha jikoni.

Mchumi wa Area C

Dada, sikukatishi tamaa ila nifikirie na hesabu. Pande moja la samaki linabeba labda gramu 15 za unga, hiyo ni wanga kama gramu 11. Sahani ya ugali pembeni inazidi hapo mara kadhaa. Kama samaki analiwa na ugali ule ule, gamba la karanga halitafanya kazi kubwa.

Binti Chang'ombe

Kweli kaka, na ndiyo maana naling'ang'ania. Ugali ameukubali kuwa kipande kama ngumi, sahani imejaa mlenda na mboga. Kwenye sahani hiyo, samaki ndiye sababu ya yeye kukaa mezani.

Binti Chang'ombe (Jumamosi jioni)

Wakuu nimerudi. Nilichambua karanga kwenye ungo na mama mwenyewe, tukatupa kama kiganja kizima. Yeye ndiye aliyetwanga, alininyang'anya mchi akasema naponda. Nilifuta samaki kwa kanga ya zamani mpaka ikalowa chapachapa, sikujua perege ana maji kiasi kile. Pande la kwanza niliharakisha kuligeuza, likaacha gamba upande mmoja. Mapande matano yaliyobaki yametoka mazima, rangi ya kahawia, ufuta umesimama.

Mama alichukua la mkiani, akaliuma, akanyamaza. Halafu akaniuliza kama kwenye friji yamebaki mengine. Tumepima saa mbili baada ya kula, imekuwa 7.9 mmol/L. Jumatatu tuna kliniki, naenda na daftari.

Mama Bagia, anakusalimia. Anauliza hizo chenga zilizobaki kinuni zinakaa siku ngapi?

Mama Bagia Nzuguni

Msalimie sana. Zisizoguswa na yai, kwenye chupa yenye mfuniko ndani ya friji, wiki moja. Zilizoguswa samaki mbichi, tupa leo leo.