Naomba ushauri: nimemaliza siku 90, lakini sijui nimepiga hatua kiasi gani

Ndugu wanajamii, nawasalimu kwa heshima.

Nimemaliza changamoto ya siku 90 niliyojiwekea mwenyewe: kuamka saa 11 alfajiri, kusoma kurasa 20 za kitabu na kuandika shajara kabla ya kulala. Daftari langu lina alama za vema 81, na nilipozihesabu nilifurahi kwa dhati. Furaha hiyo ilififia nilipofungua tena kitabu cha kwanza nilichokimaliza, nikaona sentensi nilizozipigia mstari kwa penseli, nikashindwa kueleza hata moja ilinigusa kwa nini. Shajara nayo, katika wiki za mwisho, imejaa maneno yaleyale: "Leo nimetimiza."

Wiki 2 baada ya changamoto kuisha, naendelea kuamka mapema bila hata kengele ya simu, ilhali kusoma kumekatika kabisa. Nimejaribu kupunguza kurasa hadi 5, kisha nikahamishia usomaji asubuhi, bila mafanikio. Nafahamu kwamba utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London ulipata wastani wa siku 66 ili tendo liwe mazoea, huku makadirio yakianzia siku 18 hadi 254 kutegemea mtu na tendo lenyewe, kwa hiyo sipendi kujihukumu kwa haraka.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, mnapimaje maendeleo ya jambo kama kusoma, ambalo alama ya vema haionyeshi kilichobaki kichwani? Na je, nianze awamu mpya kwa kusoma peke yake, au niyarudie yote matatu kwa pamoja?

Natanguliza shukrani.